Uhuru wa Kusema na Haki ya Kupiga Kura: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nyanda za Juu Kusini

Maswali yafuatayo ni yale ambayo wananchi wa Mbeya, Iringa, Njombe na mikoa jirani huyauliza kila uchaguzi unapokaribia, na mara nyingi zaidi uchaguzi unapokuwa umepita. Majibu yanategemea Katiba, sheria na hukumu za mahakama. Pale ninapotoa maoni yangu mwenyewe, nimesema hivyo waziwazi.

Kwa nini haki ya kusema na haki ya kupiga kura hutajwa pamoja?

Kwa sababu kura ina upungufu ambao haiwezi kuujaza yenyewe. Karatasi ya kura hubeba alama moja mbele ya jina moja, basi. Mkulima wa viazi wa Uyole anayemchagua mgombea fulani kwa kuwa amechoshwa na lumbesa, yaani magunia yanayojazwa kupita kiasi huku bei ikibaki ya gunia moja, na jirani yake anayemchagua mgombea huyohuyo kwa ajili ya barabara, wote huhesabiwa sawa. Hakuna msimamizi wa kituo atakayetoa sanduku na kutangaza kwamba walikuwa na sababu tofauti. Sababu hizo hujulikana pale tu watu wanapozisema: kwenye kampeni, redioni, sokoni Mwanjelwa, au katika barua kwa diwani.

Aliyechaguliwa bila sababu hizo kusemwa huingia ofisini akiwa na madaraka lakini bila maagizo. Anaweza kudai kwamba wananchi walimtuma kufanya lolote atakalo, na hakuna wa kumbishia kwa ushahidi.

Katiba yetu inasema nini?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatamka katika Ibara ya 8 kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba Serikali itawajibika kwao. Ibara ya 5 inampa kila raia aliyetimiza umri wa miaka 18 haki ya kupiga kura. Ibara ya 18 inamhakikishia kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza, haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari, na haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha ya wananchi. Ibara ya 21 inazungumzia haki ya kushiriki katika utawala wa nchi, ama moja kwa moja ama kwa kupitia wawakilishi.

Inafaa kukumbuka kwamba sura ya haki za binadamu haikuwamo tangu mwanzo. Iliingizwa kwa mabadiliko ya mwaka 1984, na ilianza kutekelezeka mahakamani mwaka 1988. Wazee wengi wa mikoa yetu walipiga kura kwa miaka mingi kabla hawajawa na kifungu chochote ambacho wangeweza kukipeleka mahakamani kutetea walichosema.

Je, enzi ya chama kimoja hatukuwa tunapiga kura? Kasoro ilikuwa nini?

Tulikuwa tunapiga kura, na si haki kusema kwamba kura zile hazikuwa na maana yoyote. Kuanzia uchaguzi wa mwaka 1965, wapiga kura wa majimbo mengi waliletewa wagombea wawili wa TANU, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba, na mara kadhaa wabunge waliokuwa madarakani, hata mawaziri, walibwagwa. Kwa urais kulikuwa na jina moja, na mwananchi alitakiwa kusema ndiyo au hapana.

Kilichokosekana ni mjadala juu ya mwelekeo wenyewe wa nchi. Mtu wa Rungwe aliweza kuchagua nani amwakilishe, lakini hakuwa na jukwaa halali la kusema kwamba sera ya chama kuhusu vyama vya ushirika, kwa mfano, ilikuwa na makosa, halafu akawaomba wenzake wampigie kura kwa msingi huo. Uhuru wa kuchagua mtu ulikuwepo kwa kiasi. Uhuru wa kuchagua kati ya hoja ulikuwa mdogo sana.

Kuna jambo moja katika historia hiyo ambalo nadhani halizungumzwi vya kutosha. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipokusanya maoni ya wananchi kuhusu chama kimoja au vyama vingi mwanzoni mwa miaka ya 1990, karibu asilimia 80 ya waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa, kisha uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi ukafanyika mwaka 1995. Wengine husema hapo sauti ya wengi ilipuuzwa. Mimi naona uamuzi ule ulilinda kitu ambacho hesabu ya vichwa peke yake haiwezi kukilinda: nafasi ya wale wachache, takriban mtu mmoja kati ya watano, kusema na kujipanga ili siku moja waweze kuwashawishi wengine.

Je, kura yenyewe si namna ya kutoa maoni?

Mahakama za nchi mbalimbali zimejibu swali hili kwa njia tofauti, na tofauti hizo zinafundisha.

Nchini Australia, mwaka 1992, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilikutana na sheria iliyozuia matangazo ya kisiasa redioni na kwenye televisheni wakati wa uchaguzi. Katiba ya Australia haina kifungu kinachotaja uhuru wa maoni kwa jumla. Majaji walisema kwamba kwa kuwa Katiba inataka wabunge wachaguliwe na wananchi, basi ni lazima wananchi wawe huru kuzungumza kuhusu siasa, la sivyo kuchagua kwenyewe kunakosa maana. Uhuru wa kusema ulipatikana ndani ya haki ya kupiga kura.

India ilipita njia hiyo kwa kuanzia upande wa pili. Mahakama ya Juu ya India iliamua mwaka 2002 kwamba mpiga kura ana haki ya kujua kama mgombea ana kesi za jinai na ana mali kiasi gani, kwa sababu haki hiyo ni sehemu ya uhuru wa maoni. Mwaka 2013 mahakama hiyohiyo ikaamuru mashine za kupigia kura ziwe na kitufe cha kumkataa kila mgombea aliyeorodheshwa, ikieleza kwamba kukataa nako ni kutoa maoni.

Marekani ilikuwa na mtazamo mwembamba zaidi. Katika kesi ya mwaka 1992 kutoka jimbo la Hawaii, mpiga kura alitaka aruhusiwe kuandika jina la mtu ambaye hakuwa kwenye karatasi. Mahakama ya Juu ilikataa, ikisema kwamba kazi ya uchaguzi ni kupata viongozi, na si kuwa ukumbi wa kila mtu kueleza hisia zake.

Kwetu hakuna sehemu ya kuwakataa wagombea wote. Lakini sheria ya uchaguzi ya mwaka 2024 iliondoa utaratibu wa mgombea ubunge au udiwani kupita bila kupingwa: akibaki peke yake, anapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Ni hatua ndogo, nami naiona kuwa ya maana, kwa sababu inamrudishia mwananchi uwezo wa kusema hapana palipokuwa na ukimya wa lazima.

Kama kura ni sauti, kwa nini hupigwa kwa siri?

Siri ipo kwa ajili ya mnyonge. Kibarua wa shamba la chai la Mufindi anayekaa kwenye nyumba ya mwajiri, mwanamke anayelima shamba la mume, kijana anayedaiwa dukani na mgombea mwenyewe: hawa wote wana mtu anayeweza kuwaadhibu. Kituturi, yaani kificho cha kupigia kura, humpa kila mmoja dakika chache za kutokuwa na bwana.

Jambo la muhimu ni kwamba siri ni ya mpiga kura, na yeye ndiye mwenye uamuzi wa kuifungua. Anaweza kutangaza nje ya kituo kwamba atamchagua fulani au kwamba amemkataa fulani. Hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kumlazimisha aseme, wala ya kudai aonyeshwe karatasi.

Mkutano mkuu wa kijiji unahusianaje na haya yote?

Kwa watu wa vijijini, huu ndio mlango wa kwanza wa demokrasia, na mara nyingi ndio unaofungwa mapema kuliko yote. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Namba 7 ya mwaka 1982, inautambua mkutano mkuu wa kijiji, unaojumuisha wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, kuwa ndio mamlaka ya juu kabisa katika mambo ya jumla ya kijiji. Mkutano huo ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, na ndio wenye uwezo wa kuwaondoa wajumbe wake. Unatakiwa kukaa angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu, na hapo ndipo taarifa ya mapato na matumizi husomwa.

Kwenye mkutano huo, kusema na kupiga kura hufanywa na watu walewale, mchana uleule, mara nyingi chini ya mti uleule. Mtu anasimama, anauliza fedha za madawati zimekwenda wapi, mtendaji anajibu, mwingine anapinga, kisha mikono inanyooshwa. Hakuna mahali pengine katika nchi hii ambapo hoja na kura vinakaribiana kiasi hicho.

Chukua suala la ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Katika wilaya kama Mufindi, Kilolo na Njombe, ambako watu kutoka mbali huja kutafuta mashamba ya miti, na sasa ya parachichi, kifungu hicho kina thamani kubwa kuliko ahadi nyingi za majukwaani. Lakini kinafanya kazi ikiwa tu watu wameambiwa ukweli kabla ya kunyoosha mikono: ekari ni ngapi, ni kwa miaka mingapi, nani atalipwa, na njia ya mifugo itapita wapi. Wanakijiji walioitwa ghafla, wakasomewa muhtasari ulioandikwa tayari na kuombwa wapige makofi, wamehudhuria mkutano, lakini sioni ni kwa namna gani wameamua.

Tena, kura ya mikono ina udhaifu wake. Mzee mwenye heshima akishanyoosha mkono, wanawe na wakwe zake hunyoosha pia. Wapo wanawake ambao katika mkutano wa hadhara hawasemi neno, ingawa nyumbani na kwenye vikundi vya kuweka na kukopa ndio wanaojua hesabu kuliko wote. Mwenyekiti mwema huwaita kwa heshima, “Mama, tunaomba nawe utueleze,” kisha anasubiri. Jambo hilo halikuandikwa kwenye sheria yoyote, ila bila hilo nusu ya kijiji inakuwa imehesabiwa bila kusikika.

Je, chama kinahitaji kibali cha polisi ili kufanya mkutano wa hadhara?

Kisheria kinachotakiwa ni taarifa. Mwaka 1994 Mahakama Kuu, kwa hukumu ya Jaji Kahwa Lugakingira katika kesi iliyofunguliwa na Mchungaji Christopher Mtikila, mzaliwa wa Ludewa, ilitamka kwamba sharti la kuomba kibali lilikuwa linakiuka Katiba. Tangu hapo utaratibu umekuwa wa kutoa taarifa polisi saa 48 kabla, ingawa polisi wamebaki na uwezo wa kuzuia kwa sababu za usalama, na uwezo huo umetumika sana. Kuanzia mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya kisiasa ilizuiwa nje ya kipindi cha kampeni, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipoondoa zuio hilo Januari 2023.

Katika kesi hiyohiyo Mtikila alipigania pia haki ya mgombea binafsi. Alishinda mwaka 1994, Katiba ikabadilishwa ili kumzuia, naye akaendelea hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha, ambayo mwaka 2013 ilitamka kwamba kumlazimisha mgombea awe mwanachama wa chama ni ukiukaji wa haki zake. Mgombea binafsi bado haruhusiwi.

Mipaka ya uhuru wa kusema wakati wa kampeni ni ipi?

Ipo, na mingine ni ya haki. Ibara ya 30 ya Katiba inaruhusu sheria ziweke mipaka kwa ajili ya haki za wengine na usalama wa umma. Kuchochea watu wadhuru wenzao kwa sababu ya kabila au dini si maoni. Kumlipa mpiga kura nako si ushawishi: vifungu vilivyohalalisha takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, vilivyoingizwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000, vilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2006, kwa kuwa vilimpa mgombea tajiri nafasi ambayo maskini hawezi kuipata.

Tatizo huanza pale maneno yenye maana pana, kama vile taarifa za uongo au lugha ya kuudhi, yanapotumika dhidi ya ukosoaji wa kawaida. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imekosolewa kwa sababu hiyo. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 nayo ilifikishwa katika Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 2019 ilitamka kwamba vifungu vyake kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Marekebisho yalifuata mwaka 2023.

Mbeya tuna mfano wetu wa karibu. Februari 2018 mahakama jijini hapa ilimhukumu Joseph Mbilinyi, mbunge wa Mbeya Mjini wa wakati huo, kifungo cha miezi mitano kwa maneno dhidi ya Rais aliyoyatamka kwenye mkutano wa hadhara. Mtu anaweza kuyachukia maneno yake na bado akauliza: maelfu ya watu waliomchagua awasemee mwaka 2010 na tena mwaka 2015, katika miezi ile walikuwa wanawakilishwa na nani? Kwa maoni yangu, mwanasiasa aliyeudhiwa ana jukwaa la kujibu, na mpiga kura ndiye hakimu anayefaa zaidi.

Waandishi wa habari wana nafasi gani?

Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo wilayani Mufindi, Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten aliyekuwa pia mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya mkoa wa Iringa, aliuawa akiwa kazini. Alikuwa anaripoti ufunguzi wa tawi la Chadema ambao polisi waliutawanya. Mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimtia hatiani askari polisi mmoja kwa kosa la kuua bila kukusudia, ikamhukumu kifungo cha miaka 15.

Kwa wananchi wa Nyololo yaliyotokea siku ile hayakuwa siri. Lakini mtu wa Makete, Kyela au Songea angejuaje kilichotokea kama hakuna aliyekuwepo na kamera? Mpiga kura hawezi kufika kila mahali ambapo madaraka yanatumika kwa jina lake. Mchumi Amartya Sen, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, alieleza kwamba njaa kubwa ya kuua watu wengi haijatokea katika nchi huru yenye demokrasia na vyombo vya habari vilivyo huru kwa kiasi, kwa sababu serikali inayoandikwa na inayokabiliwa na uchaguzi hulazimika kuchukua hatua mapema. Kwa mikoa inayolisha sehemu kubwa ya nchi, hoja hiyo inagusa ghala zetu wenyewe.

Vipi kuhusu uchaguzi wa mwaka 2025?

Nitataja yaliyo wazi. Aprili 2025 mwenyekiti wa Chadema, Tundu Lissu, alikamatwa Mbinga mkoani Ruvuma baada ya mkutano wa hadhara, akashtakiwa kwa uhaini, na chama chake kikazuiwa kushiriki uchaguzi kwa kutosaini kanuni za maadili. Tarehe 29 Oktoba, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa, maandamano yalizuka katika miji kadhaa na watu walipoteza maisha. Tume ya uchaguzi ilimtangaza Rais Samia mshindi kwa karibu asilimia 98 ya kura.

Naandika haya kwa uchungu. Kuzima mawasiliano siku ya kura humnyima mwananchi njia ya kujua kinachotokea katika kituo cha jirani, na humnyima hata mshindi ushahidi wa kuwaonyesha wanaomtilia shaka. Shaka hiyo haina mahakama ya kuipeleka, kwa kuwa Ibara ya 41 inazuia matokeo ya urais yaliyokwisha kutangazwa yasihojiwe mahakamani, ingawa Mahakama ya Afrika ilikwisha kusema mwaka 2020 kwamba zuio hilo linakiuka haki za binadamu.

Wengi wakishaamua, si wachache wanapaswa kunyamaza?

Wahenga walisema wengi wape, nao wanapewa madaraka. Hawapewi umiliki wa ukweli. Aliyeshindwa anatakiwa kutii sheria iliyopitishwa, kulipa kodi, kushiriki kazi za maendeleo. Hatakiwi kukiri kwamba alikosea. Asipoachwa aendelee kusema, uchaguzi ujao hautakuwa na hoja mpya.

Sikupiga kura. Nina haki ya kulalamika?

Ndiyo. Kwetu kupiga kura si lazima, tofauti na Australia ambako imekuwa lazima katika uchaguzi wa taifa tangu mwaka 1924, na Ibara ya 18 haimuulizi mtu kama alikwenda kituoni. Mwanafunzi wa miaka 15 anayetembea kilomita nyingi kwenda shule ya kata hana kura, na malalamiko yake kuhusu bweni ni ya haki kama ya mtu mzima. Hata hivyo ningemsihi mwenye umri wa kupiga kura ajiandikishe. Akumbuke tu kwamba uchaguzi wa vijiji na mitaa hutumia orodha yake chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, tofauti na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura.

Kijijini kwetu mkutano haujaitishwa kwa muda mrefu na mapato hayasomwi. Tuanzie wapi?

Anzeni kwa barua ya kistaarabu kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, iliyosainiwa na wakazi kadhaa ili asibebe mmoja peke yake, mkitaja sheria ya mwaka 1982 na kuomba tarehe ya mkutano. Nakala ipelekwe kwa diwani na mtendaji wa kata. Msipojibiwa, mwandikieni mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya. Kuhusu hesabu, tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kumtaka mwenye taarifa ajibu ndani ya siku 30. Ombeni jambo mahususi, kwa mfano taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka fulani, na hakikisheni nakala mnayobaki nayo ina mhuri na tarehe ya kupokelewa, kwa kuwa siku 30 huhesabiwa kuanzia hapo.